Kustaafia Kisaki: unafuu wa kijiji haununuliwi kwa kiinua mgongo

Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa mjini Morogoro mbele ya watumishi wa umma wanaokaribia kustaafu.




Nimeombwa niseme nanyi juu ya jambo ambalo kila mmoja wenu hulifikiri akiwa peke yake, lakini ambalo ni nadra kuzungumzwa mkutanoni: mtumishi akishakabidhi ofisi, aende kuishi wapi? Sheria zetu zinawaruhusu watumishi walio wengi kustaafu kwa hiari wakitimiza miaka 55, na zinawataka waondoke kazini wakifika miaka 60. Aliyejaliwa afya bado ana safari ndefu mbele yake. Kwa hiyo achaguaye mahali pa kustaafia anachagua mahali pa kuishi labda miaka 20 bila mshahara, na yafaa alifikiri jambo hilo angali na nguvu za kulifikiri.

Swali hili limekuwa zito zaidi kwetu sisi wa Morogoro. Tangu tarehe 14 Juni 2024, treni ya umeme ilipoanza kuchukua abiria baina ya Dar es Salaam na Morogoro, mji wetu umesogea karibu mno na jiji. Wenye fedha wa huko wanaulizia viwanja vya Kihonda na Bigwa, na mtumishi wa kawaida anaanza kuutupia macho upande wa pili wa milima. Miongoni mwa majina ninayoyasikia yakitajwa ni Kisaki. Kwa kuwa nilipata kuifanya kazi ya ubwana shamba upande ule wa Uluguru, nimeonelea niitumie Kisaki kuwa mfano, ili tusizungumze hewani. Yatakayosemwa juu ya Kisaki yatafaa pia kwa vijiji vingine vingi vya nchi yetu.

Fedha zenyewe

Kwanza tuziangalie fedha zenyewe. Watumishi wengi bado wana mawazo ya zamani kwamba siku ya kustaafu utapewa fungu kubwa, nalo ndilo litakaloamua maisha yako. Hali haiko hivyo tena. Tangu Julai 2022 sehemu inayolipwa kwa mkupuo iliwekwa kuwa asilimia 33, na katika bajeti ya mwaka 2024/25 Serikali ikatangaza kuipandisha hadi asilimia 40 kwa wale ambao kanuni yao ya awali ilikuwa asilimia 50, na hadi asilimia 35 kwa wale ambao kanuni yao ilikuwa asilimia 25. Wapo waliofurahi na wapo walionung'unika, lakini maana yake kwa mtu anayechagua mahali pa kuishi ni moja: sehemu kubwa ya haki yako itakujia kidogo kidogo, mwezi baada ya mwezi.

Basi mtu asichague mahali kwa kuuliza, "Kiinua mgongo changu kitanijengea nyumba ya namna gani huko?" Aulize, "Pensheni yangu ya mwezi itanifikisha mwisho wa mwezi huko?" Nimewaona wastaafu wenye nyumba nzuri za vyumba vitano, zenye vigae na madirisha ya vioo, ambao ndani yake hamna sukari. Nyumba ile ilikula mkupuo wote, na sasa inaendelea kula pensheni, maana bati huvuja, rangi huchujuka, na mchwa wa Kisaki hawaheshimu cheo cha mtu.

Rahisi na ghali

Sasa tuulize: je, maisha ya Kisaki ni rahisi kweli?

Kutoka Bigwa barabara hupita Kiroka, Mkuyuni, Matombo na Mvuha, kisha hushuka bondeni kupitia Dutumi na Bwakila Chini hata Kisaki. Ni mwendo wa kilomita zaidi ya 130. Milima ya Uluguru inabaki kaskazini, mto Mgeta unapita katika bonde, na kusini huanza pori kubwa ambalo zamani liliitwa Selous, na ambalo sehemu yake kubwa ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019. Ardhi ya bondeni ni nzuri kwa mpunga na mahindi. Palipoinuka kidogo ufuta hustawi. Migomba na miembe haikosekani.

Kanuni niliyoiona huko ni nyepesi kukumbuka: kila kinachoota Kisaki ni rahisi, na kila kinachopanda gari kwenda Kisaki ni ghali. Mchele, unga, ndizi, mboga, kuku, kuni na tofali za kuchoma hupatikana kwa bei ambayo mtu wa Dar es Salaam ataisikia kama hadithi. Lakini saruji, bati, misumari, mafuta ya taa, sabuni, dawa na vipuri vya pikipiki vimelipa nauli kabla ya kufika, na nauli hiyo utailipa wewe. Mvua za masika zikikaza, kuanzia Machi hata Mei, nauli hupanda, na kuna siku ambapo huwezi kupata gari hata ukiwa na fedha mkononi.

Mstaafu aliyefika leo, mwenye miaka 60 na magoti mazima, mahitaji yake mengi ni ya vitu vinavyoota. Analima ekari moja au mbili, anafuga kuku, analala mapema. Kwake Kisaki ni nafuu kweli. Lakini kadiri miaka inavyokwenda mahitaji ya binadamu hubadilika. Akifika 70 anahitaji miwani, dawa ya shinikizo la damu, kipimo cha sukari, na daktari wa macho au wa mifupa. Hakuna hata kimoja cha hivyo kinachoota bondeni. Zahanati ya kijiji itamtibu malaria na kumfunga kidonda, lakini ugonjwa mkubwa utampeleka Hospitali ya Rufaa ya Mkoa hapa Morogoro mjini, kwa barabara ile ile, katika majira yale yale ya mvua.

Kwa hiyo, Ndugu zangu, unafuu wa kijiji hupungua kadiri mwenye nao anavyozeeka. Jambo hili sijalisikia likielezwa kwa watumishi, nalo ndilo linalowarudisha wengi mjini wakiwa wamechoka na hawana kitu, baada ya kuuza kwa bei ya kutupa nyumba waliyoijenga kwa bei ya juu. Anayekwenda kijijini hana budi kuweka akiba ya kutoka kijijini. Sehemu ya mkupuo wake aiweke kando, isiguswe kwa saruji wala kwa harusi ya mtoto, iwe ni fedha ya nauli na matibabu ya miaka ya mwisho. Na kabla ya kuondoka kazini ahakikishe habari za bima yake ya afya na ya mwenzi wake, wala asingoje kuziuliza akiwa machelani.

Upole wa mahali

Jambo la pili linalowavuta watu ni utulivu. Husema, "Kule hakuna haraka." Ni kweli kwamba Kisaki hakuna msongamano wa magari. Lakini tusidhani kwamba upole ule ni tabia ya mahali tangu kuumbwa kwake. Historia inasema vingine.

Mwaka 1857, Waingereza Burton na Speke walipokwenda bara kutafuta maziwa makuu, walipita nchi ya Ukutu na kufika Zungomero, pande hizo hizo za Kisaki, wakakuta kituo kikubwa cha misafara. Pembe za ndovu, nguo, shanga, wapagazi na watumwa walipita hapo. Wakutu walilipa gharama kubwa kwa shughuli ile, maana palipo na biashara ya watu, mwenyeji hulala mguu mmoja nje. Mwezi Septemba mwaka 1916 majeshi ya Waingereza na Makaburu yalipambana na majeshi ya Wajerumani hapo hapo Kisaki, yakarudishwa nyuma, kisha pande zote mbili zikakaa zikitazamana kando ya Mgeta hata mwanzo wa mwaka 1917. Vyakula vya wananchi vilichukuliwa, na wapagazi wengi walikufa katika vita isiyokuwa yao. Baadaye misafara ikahama, vita ikahama, na Kisaki ikaachwa. Kisha, baina ya mwaka 1970 na 1975, ikajengwa Reli ya Uhuru, TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na Kisaki ikapata stesheni yake.

Naeleza haya kwa sababu moja. Utulivu wa Kisaki umetokana na umbali na ubovu wa njia. Ubovu ule ule unaomchelewesha mama mjamzito kufika hospitali. Mstaafu anayeombea barabara isitengenezwe ili asisumbuliwe na kelele anawaombea majirani zake mabaya. Na barabara zitakuja. Bwawa la Kidunda limeanza kujengwa katika wilaya hiyo hiyo ya Morogoro, umeme wa Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji ulianza kuingia gridi ya taifa mwaka 2024, na watalii hupita Kisaki wakielekea lango la Matambwe. Anayekwenda Kisaki kwa sababu ya ukimya peke yake huenda akaukosa kabla hajamaliza kuezeka.

Tena, utulivu huo ni wa nani? Mgeni hukaa barazani jioni akasikia vyura, akasema maisha ni matamu. Wakati huo huo mwenyeji wake anajiandaa kwenda kulala dunguni shambani, maana mpunga umeanza kuiva, na tembo wa hifadhini, viboko na nguruwe wanajua hivyo kama yeye. Watoto watawinga ndege tangu alfajiri. Tembo akipita usiku mmoja, kazi ya miezi sita imekwisha. Serikali hutoa kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa na wanyamapori, lakini jina lenyewe linaeleza: hufuta jasho tu, halirudishi mavuno. Mstaafu anayetaka kulima Kisaki na ajue kwamba polepole ya bondeni ina usiku wa kukesha ndani yake.

Ardhi na wenyeji

Sasa nafika kwenye kiini cha mazungumzo yangu, nacho ni ardhi.

Mtu mwenye mkupuo mkononi huonekana kijijini kama tajiri, hata kama mjini alikuwa akikopa nauli. Akisema anataka ekari 20, atampata kijana mwenye shida atakayemwonyesha ekari 20. Wataandikiana karatasi mbele ya mashahidi wawili, fedha zitatolewa, na mstaafu atadhani amenunua. Miaka mitatu baadaye atatokea mjomba wa yule kijana, pamoja na wazee wa ukoo, waulize ni nani aliyeuza makaburi yao.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, iko wazi. Ardhi ya kijiji husimamiwa na Halmashauri ya Kijiji kwa niaba ya wanakijiji, na Halmashauri hiyo haina ruhusa ya kugawa ardhi bila kibali cha Mkutano Mkuu wa Kijiji. Asiye mwanakijiji anaweza kuomba, lakini huomba kwa wote, hadharani, akieleza atafanya nini na ardhi hiyo. Akikubaliwa, hupewa hati ya hakimiliki ya kimila. Wako wanaoona utaratibu huu ni usumbufu. Mimi naona ni ulinzi wa pande zote mbili: humlinda mwanakijiji asinyang'anywe kwa siri, na humlinda mgeni asiuziwe kesi.

Kuna la ziada kwa mkoa wetu. Waluguru na Wakutu huhesabu ukoo upande wa mama. Mashamba mengi ni ya ukoo, na mwenye kauli ni mjomba na wazee wa upande huo. Kwa hiyo mtumishi mwenye asili ya huko anayerudi "kwetu" hana budi ajiulize kwetu ni wapi. Akijenga katika ardhi ya ukoo wa mama yake, watoto wake ni wa ukoo wa mama yao, si wa ukoo ule. Akijenga kwa ukoo wa mkewe, ndugu zake wataona amepotea. Mambo haya yamekuwa yakibadilika, na sheria ya mwaka 1999 imempa mwanamke haki sawa na mwanamume katika kupata na kumiliki ardhi. Lakini mabadiliko ya sheria hutangulia mabadiliko ya mioyo.

Nawasihi wanaume mliomo humu mfikiri juu ya siku ya arobaini baada ya mazishi yenu. Wageni wameondoka, matanga yameanuliwa. Mkeo amebaki katika nyumba uliyoijenga kwa kiinua mgongo cha miaka 35 ya kazi yako, na huenda cha kazi yake pia. Je, wazee wa ukoo wako watamwambia, "Mama, kaa, hapa ni kwako," au watamwuliza atarudi lini kwao? Kama jibu hulijui, bado hujawa tayari kujenga. Majina yote mawili, lako na lake, yaandikwe katika hati, na maneno hayo yasemwe mbele ya wazee ungali hai. Mwanamke aliyefuatana na mumewe vituo vyote vya kazi, toka Tunduru hata Biharamulo, asije akakosa mahali pa kuweka mkeka uzeeni.

Tukumbuke pia kwamba ardhi ya mkoa huu si tupu kama inavyoonekana kutoka dirishani mwa gari. Mwezi Desemba mwaka 2000, huko Rudewa Mbuyuni wilayani Kilosa, watu 38 waliuawa katika mapigano ya wakulima na wafugaji. Pori unaloliona limelala huenda ni malisho ya mmoja, ni akiba ya shamba la wajukuu wa mwingine, na ni njia ya tembo. Ikiwa wastaafu 50 watashuka Kisaki kila mmoja na ekari zake 20, hizo ni ekari 1,000 zilizotoka mikononi mwa watu ambao hawana pensheni ya mwezi wala ya mwaka. Bei itapanda. Vijana wa pale watakuwa vibarua katika ardhi ya bibi zao. Mambo haya yameonekana hata katika nchi tajiri. Huko Uingereza, katika vijiji vya pwani ya Cornwall na vya Wales, watu wa mijini walinunua nyumba za mapumziko na za uzeeni, mpaka vijana waliozaliwa hapo wakashindwa kupata pa kuishi. Unafuu uliowaleta wageni uliliwa na wageni wenyewe.

Kuishi kama mwanakijiji

Kumbe mahali pa nafuu panadumu kuwa nafuu pale tu anayekuja anapokubali kuishi kama walioko. Mwalimu Nyerere alipoacha Urais mwaka 1985, na uenyekiti wa Chama mwaka 1990, alirudi Butiama akalima. Alikuwa na mahali pengi pa kukaa, lakini alichagua kwao, kati ya majirani waliomjua. Tusijilinganishe naye kwa cheo, lakini katika hili tunaweza kumwiga: alirudi kuwa jirani na mkulima. Na alipougua, matibabu yake yalikuwa mbali, London, ambako alifariki tarehe 14 Oktoba 1999. Hata kwa mtu mkubwa kama yeye, kijiji kilimpa maisha, ila daktari alikuwa kwingine.

Basi, kwa yeyote anayefikiria Kisaki au kijiji kingine kama hicho, nashauri haya. Aanze miaka mitano kabla ya kustaafu, akitumia likizo zake kwenda kukaa huko, na moja ya likizo hizo iwe ya masika. Apange chumba mwaka mzima kabla hajaweka tofali la kwanza. Ajenge nyumba ndogo ambayo fundi wa pale pale ataweza kuitengeneza. Aombe ardhi inayomtosha kulima kwa mikono yake na ya mwenzi wake, asiombe ya kuringia. Aweke kando fedha ya matibabu. Ahudhurie Mkutano Mkuu wa Kijiji na kushiriki kazi za kujitolea bila kungoja apewe kiti cha mbele.

Na alete ujuzi wake. Hapa naona waalimu, waganga, makarani, mafundi na mahakimu. Kijiji ambacho mwalimu mmoja hufundisha madarasa mawili kinamhitaji mwalimu mstaafu saa mbili kwa siku. Muuguzi aliyestaafu anaweza kumwambia jirani kwamba homa hii si ya kungoja kesho. Karani anaweza kuwasaidia wanakijiji kuandika maombi ya hati zao, wasilanguliwe na matapeli. Kwa njia hiyo mstaafu atakuwa amelipa kitu ambacho fedha zake hazingeweza kukilipa. Siku barabara itakapokatika na yeye amelala hoi, ni vijana wa kijiji watakaombeba kwa machela hadi mahali gari lilipo. Hawatauliza kiinua mgongo chake kilikuwa shilingi ngapi. Watakumbuka kama alikuwa akiwasalimu.

Ndugu Mwenyekiti, sikuja kuwatisha watumishi wasiende Kisaki. Ningependa waende, lakini waende kama wanakijiji wapya, na wasiende kama wanunuzi. Saa za maswali zimefika, nami niko tayari kujibu ninayoyaweza.